Namba ya TSC: nini maana ya mwalimu aliyesajiliwa Kenya

Jirani yangu mmoja hapa Kilifi alinisimamisha njiani nikitoka sokoni, akanishika mkono kwa furaha. Bintiye alikuwa amepata namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya. Tukapongezana vizuri, kisha akauliza swali lililomleta: "Sasa mshahara waanza lini, mwalimu?"

Nikamtafutia mfano wa karibu. Mumewe ni dereva wa matatu. Nikamwambia, "Mama, mtoto amepata leseni. Gari bado hajapewa."

Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hulichanganya, na si kosa lao. Magazeti yetu ya Kiswahili huiita TSC "Tume ya Kuajiri Walimu", na jina likishatamka kuajiri, nani atakumbuka kwamba tume hiyo ina kazi nyingine? Wengine husema Tume ya Huduma za Walimu, jina lililo karibu zaidi na ukweli. Ukifungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 237, utakuta majukumu ya tume yameorodheshwa, na la kwanza kabisa ni kuwasajili walimu waliohitimu mafunzo. Kuajiri ni la pili. Kisha yanafuata kuwatuma shuleni, kuwapandisha vyeo na kuwahamisha, kuwaadhibu, na kuwaachisha kazi.

Basi mwalimu aliyesajiliwa ni mtu ambaye jina lake limeingizwa katika daftari la walimu linalotunzwa na TSC, akapewa namba yake na cheti cha usajili. Sheria ya TSC ya 2012 inasema wazi kwamba asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi ya ualimu. Haisemi shule za serikali peke yake. Mwalimu wa shule ya binafsi anayelipwa na mwenye shule, mwalimu wa BOM anayelipwa kwa vijisenti vinavyokusanywa na bodi ya shule, hata wa shule ya kimataifa yenye bwawa la kuogelea, wote wanahitaji namba hiyohiyo.

Mfano unaoonyesha tofauti hii vizuri zaidi ni walimu wa chekechea. Katiba iliwapa magatuzi elimu ya awali, kwa hiyo mwajiri wa mwalimu wa chekechea ya umma ni kaunti. Gavana ndiye wa kulaumiwa mshahara ukichelewa. Lakini usajili haukugatuliwa. Mwalimu huyo analipwa Kilifi au Lamu, na jina lake liko kwenye daftari la Upper Hill, Nairobi, yalipo makao makuu ya tume.

Zamani haikuwa hivi. Kabla ya 1967, mwajiri wa mwalimu angeweza kuwa misheni, baraza la wilaya au serikali yenyewe, na walimu wawili wenye cheti kimoja wangeweza kuishi maisha tofauti kabisa kwa sababu tu mmoja alikuwa chini ya misheni na mwenzake chini ya baraza. Chama cha walimu, KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilipigania mwajiri mmoja kwa wote, na mwaka 1967 TSC ikaundwa kwa sheria ya bunge. Wazee waliostaafu bado huzungumza kwa madaraja ya enzi zile, P3, P2, P1, S1, kama wanajeshi wanaotajiana vyeo.

Sasa mtu huingiaje kwenye daftari hilo? Mlango wa kwanza ni masomo, na hapa ndipo wengi huanguka bila kujua kwamba wameanguka.

Anayetaka kufundisha sekondari huhitaji shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia. Lakini tume haiangalii shahada peke yake. Inarudi nyuma hadi KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, inatafuta alama ya wastani ya C+ na, jambo ambalo vijana husahau, C+ katika kila moja ya yale masomo mawili. Miaka michache iliyopita alinijia kijana wa mtaani akiwa na barua ya chuo mkononi. Wastani wake ulikuwa C+, Kiswahili alipata B, Historia akapata C. Alikuwa amechagua Kiswahili na Historia kwa sababu, alisema, Historia ni rahisi kusoma. Nikamwambia aketi. Tukaitandaza ile karatasi ya matokeo mezani, tukapitia somo baada ya somo, hadi tukafika kwenye Dini: B-. Akaenda kubadilisha hadi Kiswahili na Dini kabla muhula haujaanza. Angenijia mwaka wa nne, ningekuwa na pole tu ya kumpa.

Aliyesoma shahada nyingine, tuseme Sayansi au Sanaa, hajafungiwa mlango. Ataongeza stashahada ya uzamili ya elimu, ambako hujifunza namna ya kufundisha na kwenda kufanya mazoezi darasani. Hiyo ndiyo njia ya watu waliogundua wito wao wakiwa wamechelewa kidogo, au waliokosa kazi nyingine. Wote nimewaona, na walimu wazuri hutoka katika makundi yote mawili.

Kwa shule za msingi, kile cheti cha P1 tulichokizoea kimezeeka. Tangu 2021 vyuo vya ualimu vinatoa stashahada ya ualimu wa shule za msingi, inayofuata mtaala mpya wa umilisi. Wenye P1 waliosajiliwa zamani hawakufutwa. Namba zao ni zilezile.

Mlango wa pili ni makaratasi, nao una maudhi yake. Maombi siku hizi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya tume. Huhitaji kupanda basi la usiku kwenda Nairobi kama tulivyofanya sisi na bahasha ya kaki kwapani. Unaingiza nambari ya kitambulisho na PIN ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, unapakia cheti cha KCSE, cheti cha chuo pamoja na orodha ya alama, picha, na kulipa ada ya usajili, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh1,055. Mgeni kutoka nje ya nchi huongeza kibali cha kufanya kazi na uthibitisho kwamba vyeti vyake vinatambuliwa Kenya. Msomaji wa Tanzania anayefikiria kuja kufundisha Kiswahili huku aanzie hapo.

Karatasi mbili zinastahili kutajwa peke yake. Moja ni cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24, kisha unaenda kuchovya vidole kwenye wino katika Huduma Centre au ofisi za DCI. Hakuna anayekuuliza kama wewe ni mtu mwema. Wanatafuta alama za vidole vyako kwenye rekodi za uhalifu, basi. Vaa nguo ambayo hutaililia ikiingia wino.

Nyingine ni GP 69, fomu ya uchunguzi wa afya inayojazwa na daktari. Hii ilinitesa mimi mwenyewe. Daktari alinipima, akaandika kwa ule mwandiko wao, akatia sahihi. Mhuri akasahau. Mimi nami sikuangalia, nikaituma hivyo hivyo. Ikarudi. Niliporudi kliniki, daktari alikuwa ameenda likizo na mhuri uko kabatini, na ufunguo wa kabati anao yeye. Wiki tatu. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu anayeelekea ualimu namwambia: usitoke kwenye chumba cha daktari kabla hujaona mhuri kwa macho yako.

Kuna na shida ya majina, ambayo sisi watu wa pwani tunaijua kuliko wengine. Kitambulisho kinasema Mwanaisha, cheti cha KCSE kinasema Mwanaesha, na chuo kimeongeza jina la babu katikati. Kwa mama mzazi huyo ni mtoto mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Tofauti ndogo ya herufi hurekebishwa kwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili, na ni nafuu kushughulikia mapema, wakati bado uko chuoni, kuliko kungoja maombi yarudishwe.

Yote yakikaa sawa, namba inatoka. Utaitumia maisha yako yote ya kazi: kwenye kila fomu, barua ya uhamisho, hati ya mshahara siku utakapoipata. Walimu hata husomana umri kwa namba. Ukimsikia mtu anataja namba ndogo, unamwamkia.

Turudi kwa swali la mshahara. Baada ya namba, mtu hungoja TSC itangaze nafasi, aombe, apangwe kwa alama na wenzake. Mwaka aliomaliza chuo huhesabiwa pia, kwa hiyo aliyengoja zaidi hupewa uzito. Tume yenyewe imewahi kusema kwamba walimu waliosajiliwa lakini hawajaajiriwa ni zaidi ya 300,000. Wengi wao hawakai bure. Wako shule za binafsi, wako BOM, na tangu 2023 maelfu waliingia sekondari ya chini kama wanagenzi, au "maintani" kama wanavyojiita wenyewe, kwa posho ya Sh20,000 kabla ya makato. Kwenda maandamano kudai ajira ya kudumu limekuwa kama somo lao la tatu la kufundishia. Lakini hata mwanagenzi hakuchukuliwa bila namba.

Na kama vile kuingia ni mara mbili, kutoka nako ni mara mbili. Mwalimu anaweza kufutwa kazi, akabaki kwenye daftari: amenyang'anywa gari, leseni bado iko mfukoni, na shule nyingine inaweza kumchukua. Kufutwa kwenye daftari ni jambo zito zaidi. Hapo haruhusiwi kufundisha popote nchini, iwe ya serikali au ya binafsi. Majina ya waliofutwa hutangazwa, na ukifuatilia sababu utakuta makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi yanajitokeza tena na tena. Waraka wa TSC namba 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Zamani mtu wa aina hiyo alihamishwa kimyakimya kwenda shule ya mbali, akaanza upya na watoto wa watu wengine. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa na daftari moja, kuliko hata kuthibitisha vyeti.

Usajili wenyewe hauna mwisho, ila sheria ya 2012 ilileta wazo la cheti cha kufundisha kinachopaswa kuhuishwa kila baada ya miaka mitano kwa kuonyesha kwamba mwalimu ameendelea kujifunza. Tume ilizindua mafunzo hayo Septemba 2021 na kuwataka walimu wajilipie Sh6,000 kwa mwaka. Kelele zilizofuata unaweza kuzikisia. Wazo la mwalimu kuendelea kusoma naliunga mkono. Kumtoza kutoka kwenye mshahara ule, sijaona busara yake.

Majirani zetu wa Tanzania waligawanya kazi hizi. Huko kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, ambayo kwa Kiingereza nayo hufupishwa TSC, jambo linalowapoteza vijana wengi wanaotafuta mtandaoni. Hiyo inashughulika na utumishi wa walimu wa serikali Tanzania Bara. Kazi ya kusajili walimu na kuwapa leseni ilikabidhiwa chombo kingine, Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, kwa sheria ya 2018. Mpangilio huo una jambo moja jema: mama kama jirani yangu asingechanganya leseni na mshahara, kwa kuwa zinatoka nyumba mbili tofauti.

Kwa mzazi anayetaka kujua kama anayemfundishia mtoto amesajiliwa, tovuti ya TSC ina mahali pa kuangalia hali ya usajili kwa nambari ya kitambulisho. Kwa kuwa mzazi hana nambari hiyo, njia ya kawaida ni kumuuliza mkuu wa shule. Mkuu anayejiamini atakujibu palepale. Akianza kukueleza habari za ukarabati wa choo, uliza tena.

Binti wa jirani yangu sasa anafundisha Hisabati na Kemia kama mwalimu wa BOM, kilomita chache kutoka nyumbani. Siku ya kwanza aliulizwa namba kabla ya kuulizwa jina la pili. Mamake hajaacha kunisimamisha njiani. Swali limebadilika tu: sasa anataka kujua TSC itatangaza nafasi lini.