Wale Wanaokula Hotelini Kila Wiki: Yasemwayo Malindi na Yaliyo Kweli

Malindi ni mji mdogo, na mji mdogo hauna siri. Magari machache yakiegeshwa mbele ya hoteli ile ile, siku ile ile ya wiki, saa saba mchana, wakashuka watu wenye beji za gurudumu kifuani, wanachama wa Rotary, klabu ya huduma kwa jamii, barazani maneno yameshapikwa. Wanakula pesa za wafadhili. Ni Freemason hao. Ni klabu ya Waitaliano na wenye mahoteli. Mengine yametiwa chumvi, mengine ni uongo mtupu, na machache, nitayafikia, yana haki yake.

"Wanakula pesa za maskini"

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na naelewa chanzo chake: mpita njia huona sahani, haoni risiti. Katika klabu za huduma kama Rotary na Lions, desturi ni kila mtu kulipa chakula chake mwenyewe. Juu ya hapo kuna ada, ambayo sehemu yake hubaki klabuni na nyingine hupanda wilayani (yaani kundi la klabu za eneo moja) na makao makuu. Pesa za miradi huwekwa kando, na mweka hazina anayezichanganya na za pilau ana maswali ya kujibu.

Ni kama chama cha kina mama cha kuchangiana, ila mzunguko haumrudii mwanachama. Anatoa, na kinachotoka kinakwenda kwa watu wengine.

Hata hiyo saa moja ya chakula ina ratiba. Rais wa klabu hugonga kengele, wageni hutambulishwa, matangazo husomwa, kisha anasimama mzungumzaji: daktari, afisa wa maji, mwalimu mkuu, mvuvi mwenye malalamiko. Katikati hupita msimamizi wa nidhamu akitoza faini za mzaha kwa aliyechelewa, kwa ambaye simu yake imelia, au kwa aliyeonekana gazetini. Anayetafuta mchana wa kushiba na kulala atachoka upesi na matangazo ya kamati.

Pesa kubwa ndizo zenye masharti zaidi. Mfuko wa Rotary ulianzia kwenye wazo la Arch Klumph mwaka 1917, na mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50. Leo klabu ya hapa ikitaka ruzuku ile kubwa ya kimataifa, mradi wake haupungui dola 30,000, na lazima ipate klabu mwenza katika nchi nyingine. Kabla ya hapo sharti iwaulize wenyeji wanachohitaji, na baadaye itoe hesabu. Chukua maji. Malindi hutegemea visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na ukichimba karibu na pwani mara nyingi unapata maji ya chumvi. Kwa hiyo tangi la shule linaloonekana kwenye picha ya uzinduzi huwa limetanguliwa na maswali makavu: maji yatatoka wapi, pampu ikifa fundi ni nani, na nani atamlipa? Mradi usio na majibu hayo hauna sababu ya kupewa pesa. Ipo miradi iliyopata pesa kisha ikakauka, sikatai. Lakini huo ni ubovu wa mipango, wala si watu kula.

"Ni Freemason"

Chama cha siri hakialiki wageni mezani wala hakivai beji barabarani. Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Mwanzilishi alikuwa wakili, Paul Harris, pamoja na mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na jina likatokana na mzunguko huo, kwa Kiingereza "rotation". Gurudumu lenyewe lina meno 24 na spoki 6, na maana yake haijafichwa popote. Mradi wao wa mwanzo uliokumbukwa ulikuwa kusukuma Chicago ijenge vyoo vya umma. Chama cha siri kilichoanza kwa kupigania choo!

Maswali manne wanayoyasoma mikutanoni nayo si uganga: je, ni kweli? Ni haki kwa wote? Yatajenga urafiki? Yatawafaa wote? Aliyeyaandika, Herbert Taylor, alikuwa akijaribu kuokoa kampuni ya sufuria isifilisike, mwaka 1932. Hakuna kinachomzuia Mwislamu, Mkristo au Mhindu kukaa meza moja.

"Rotary na Lions ni kitu kimoja"

Hapana. Lions ilianzishwa na Melvin Jones, huko huko Chicago, mwaka 1917. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, aliwaomba wawe watetezi wa vipofu, na ndiyo sababu kambi za macho na upasuaji wa mtoto wa jicho huambatana sana na jina lao.

"Polio imekwisha, na yale matone yanafunga uzazi"

Hapa ndipo uvumi unapoweza kulemaza mtoto, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rotary ilianza na chanjo ya polio Ufilipino mwaka 1979, ikatangaza kampeni ya dunia nzima mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine. Wakati huo ugonjwa ulikadiriwa kupoozesha watu 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Virusi vya asili sasa vimebanwa Pakistan na Afghanistan. Afrika ilithibitishwa kuwa huru navyo Agosti 2020.

Uvumi wa uzazi umeshajaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2003 viongozi wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, walisimamisha chanjo kwa hoja hiyo hiyo. Virusi vikatoka hapo vikaingia nchi zilizokuwa zimeshajisafisha, vikafika hadi Indonesia. Rais wa Rotary duniani mwaka huo alikuwa Jonathan Majiyagbe, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, na klabu yake ilikuwa ya Kano hapo hapo. Na hili si la mbali kwetu: mwaka 2013 polio ilizuka Dadaab, kaunti ya Garissa, inayopakana na Lamu.

Tusiwadanganye wazazi kwa upande wa pili pia. Virusi vilivyotokana na chanjo ya matone huweza kuenea mahali penye watoto wengi wasiochanjwa. Tiba ya hilo ni watoto wote kuchanjwa, maana kuwafungia mlango wahudumu wanapopita nyumba kwa nyumba ndiko kunakovipa nafasi.

"Ni ya wazee wanaume, na ukikosa chakula cha mchana unafukuzwa"

Wanawake waliruhusiwa rasmi kuingia Rotary mwaka 1989, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Jennifer Jones wa Kanada akawa rais wa kwanza mwanamke wa Rotary duniani mwaka 2022. Mahudhurio zamani yalikuwa ya mkono wa chuma kweli, lakini tangu 2016 klabu inaweza kujipangia mambo, mradi ikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Mkutano unaweza kuwa jioni au mtandaoni, na Ramadhani hakuna haja ya kung'ang'ania saa saba.

"Nenda, watakulipia bili ya hospitali"

Klabu si sanduku la msaada. Hufanya miradi ya watu wengi, na anayekwenda na bili yake kwa kawaida hurudi nayo.

Manung'uniko yenye haki

Gharama. Chakula cha hotelini kila wiki pamoja na ada ni mzigo ambao mwalimu wa shule ya msingi au mama muuza samaki hauwezi, hata akiwa na moyo na akili ya kazi hiyo. Ndiyo maana meza hujaa wenye biashara na wataalamu, na mtaani watu wakasema ni klabu ya matajiri. Lugha nayo: mkutano wa Malindi ukiendeshwa kwa Kiingereza kitupu, mzee wa mtaa aliyealikwa kueleza shida ya maji anaeleza nusu tu. Na hizo picha za kukabidhi unga, mpokeaji ameinamisha uso, zingeachwa.

La gharama lina nafuu kidogo kwa vijana. Interact, klabu ya Rotary ya wenye miaka 12 hadi 18, ilianza 1962, na Rotaract, ya kuanzia miaka 18, ikafuata 1968. Ukomo wa miaka 30 wa Rotaract nao umeondolewa. Klabu hizo zinaweza kukutana darasani au chini ya mwembe, bila hoteli yoyote.