Prodyuza ni nani? Tumtazame Gail Davies

Prodyuza ndiye mwenye neno la mwisho studioni. Ndiye anayeamua wimbo upi uingie kwenye albamu na upi uachwe, nani aitwe kupiga gitaa na nani fidla, mwendo uwe wa kasi gani, na sauti ipi isikike juu ya nyingine. Kwetu tumezoea prodyuza anayekaa kwenye kompyuta akatengeneza biti. Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri huko Marekani, kuna wapiga vyombo wa kukodi, na prodyuza anawaongoza.

Wapiga vyombo hao ni wepesi ajabu. Chords za wimbo, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, huandikwa kwa namba, 1 hadi 7, badala ya majina kama C au G. Mwimbaji akilalamika kwamba uko juu mno, wanashusha ufunguo, yaani noti ya msingi wa wimbo, na kuanza upya papo hapo, karatasi ileile, kwa kuwa namba hazibadiliki. Lakini lazima awepo wa kusema "hii tumeipata" au "turudie". Kwa miaka mingi msemaji huyo alikuwa mwanamume, hata albamu ikiwa ya mwanamke.

Gail Davies alizaliwa 1948 Broken Bow, Oklahoma, baba yake mwimbaji wa kantri. Kazi ya studio alijifunzia Los Angeles kwa Henry Lewy, fundi sauti wa mwimbaji Joni Mitchell. Albamu yake ya kwanza, ya 1978, ilitayarishwa na mtu mwingine. Alipohamia kampuni ya kurekodi ya Warner Bros. alidai aitayarishe mwenyewe inayofuata, akakubaliwa, na ndiyo maana anatajwa kama prodyuza wa kwanza mwanamke katika kantri.

Kwangu mimi hilo linazidi vibao vyake, na vibao alikuwa navyo. "Grandma's Song" aliutunga mwenyewe, ukaingia kumi bora 1981. Mwaka huohuo "I'll Be There" ukafika nafasi ya 4 kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Huu wa pili ulikuwa wimbo wa mwimbaji Ray Price wa 1954. Kuona kwamba wimbo wa zamani wa mwanamume bado una maisha ndani ya sauti ya mwanamke, hiyo ndiyo kazi ya prodyuza hasa.

Baadaye kampuni kubwa ya Nashville ilimwajiri kutayarisha kazi za wasanii wengine, na katika miaka ya 1990 akafungua lebo yake, Little Chickadee.