Visa ya Uingereza: Kinachopimwa ni Kazi, Si Cheo

"Nina digrii, mbona wamesema kazi yangu haifai?" Swali hili huulizwa sana na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waliopata ajira Uingereza. Katika visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kinachopimwa ni kazi yenyewe. Tangu 22 Julai 2025, anayeomba kwa mara ya kwanza anatakiwa awe na kazi ya kiwango cha shahada, isipokuwa kazi chache za chini ya hapo zinazoruhusiwa kwa muda. Digrii yako haiwezi kuipandisha kazi isiyofika hapo.

Ushahidi huanzia kwa mwajiri mwenye leseni ya udhamini. Yeye ndiye hutoa cheti cha udhamini, ambacho licha ya jina lake si karatasi yenye mhuri, bali ni rekodi ya kwenye mtandao yenye namba unayoijaza kwenye fomu. Humo kuna mshahara, majukumu, na msimbo wa kazi, yaani namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya kazi.

Kwenye majukumu, tafadhali soma polepole. Tuseme umeandikiwa cheo cha "mratibu wa huduma za afya", lakini kazi ya kila siku ni kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwavisha. Hiyo ni kazi ya mhudumu wa wazee, msimbo 6135, na kwa waombaji walio nje ya Uingereza mlango huo ulifungwa siku ileile ya Julai. Ofisa wa visa akiona msimbo hauendani na majukumu, atakataa, hata kama cheo kinapendeza. Inaniuma sana, kwa sababu anayepoteza ada na muda ni mwombaji aliyemwamini mwajiri.

Mshahara nao, kwa kawaida, usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha mshahara kilichowekwa kwa msimbo wa kazi yako kikiwa juu zaidi. Ovataimu na posho ya nyumba hazihesabiwi. Wauguzi na walimu wana viwango vyao.

Kabla hujalipa chochote, mwombe mwajiri msimbo na majukumu kwa maandishi, kisha litafute jina lake kwenye orodha ya wadhamini iliyo wazi katika tovuti ya serikali ya Uingereza. Na gharama ya cheti ni yake: kanuni zinamkataza kukutoza wewe. Akikudai, hata kwa kukata mshahara baadaye, usikubali.