Je, wajua kwa nini pikipiki ikifungwa eksozi na filta ya wazi inapoteza nguvu mpaka kabureta iguswe?

Umetoa eksozi ya kiwandani ukafunga ya wazi, boksi la filta nalo ukaling'oa ukavalisha filta ya koni moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, unategemea moto wa kufa mtu, alafu unaondoka unakuta pikipiki ndo kwanza imelegea. Ukivuta resi ghafla inakata pumzi, katikati inajikokota, ukiachia resi inapiga baruti huko nyuma. Mlio mkubwa, nguvu hakuna. Wengi wakifika hapo wanasema eksozi ni feki. Mara nyingi eksozi haina kosa lolote, shida ni kwamba kabureta bado inafanya kazi kwa mahesabu ya zamani na haina namna ya kujua kwamba mambo yamebadilika.

Tuanze na uwiano maana ndo msingi wa yote. Petroli gramu 1 inahitaji hewa kama gramu 14.7 hivi ili mafuta na hewa viishe pamoja bila kimoja kubaki. Ila nguvu nyingi zaidi inapatikana mafuta yakizidi kidogo hapo, kwenye hewa 12.5 mpaka 13 kwa petroli 1, ndo maana resi ikiwa wazi kabisa unataka mafuta yaongezeke kidogo. Hewa ikizidi sana moto unachelewa kuungua, injini inakosa nguvu na inachemka. Mafuta yakizidi sana inatoa moshi mweusi, plagi inajaa masizi na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Pikipiki za injeksheni zina sensa na kompyuta ya kusahihisha makosa madogo. Kabureta haina sensa, ina matundu tu.

Sasa matundu hayo yanajuaje kiasi cha mafuta? Kabureta ni bomba lililobanwa katikati. Hewa ikifika pale pembamba inaongeza mwendo na presha yake inashuka. Chini yake kuna bakuli lenye floti (boya linalolinda kimo cha mafuta), na mafuta ya kwenye bakuli yako kwenye presha ya kawaida ya hewa ya nje. Kwa hiyo juu presha ndogo, chini presha kubwa, mafuta yanapanda kupitia jeti (kipande kidogo chenye tundu), sawa na soda inavyopanda kwenye mrija ukinyonya. Kiasi kinachopanda kinategemea vitu viwili tu, tofauti ya presha na ukubwa wa tundu la jeti. Ndo kusema kabureta haipimi hewa iliyoingia, inapima mnyonyo.

Hapo mtu anauliza, kama hewa imeongezeka si mnyonyo nao utaongezeka, mafuta si yatajiongeza yenyewe? Swali zuri sana, na ni kweli kwa sehemu. Hewa nyingi ikipita pale palipobanwa mnyonyo unapanda na mafuta yanafuata. Ndo maana ukibadilisha eksozi peke yake, boksi ukaliacha, mara nyingi pikipiki inahitaji marekebisho madogo tu, saa nyingine jeti ya saizi moja juu inatosha.

Boksi la filta ndo lenye siri. Lile boksi lina mdomo mdogo na filta nene, injini inalivuta kwa shida, kwa hiyo ndani ya kabureta kuna mnyonyo wa aina mbili, ule wa pale palipobanwa na ule wa ziada unaoletwa na kizuizi cha boksi lenyewe. Kwenye pikipiki nyingi bakuli la mafuta linapumua nje, halipumui ndani ya boksi, kwa hiyo kile kizuizi kinasaidia moja kwa moja kupandisha mafuta. Kiwanda kilipochagua jeti kilihesabu na huo mnyonyo wa ziada. Siku unang'oa boksi umeutoa wote kwa mkupuo, hewa imeongezeka lakini msukumo wa mafuta kwa kila kiasi cha hewa umepungua, na jeti ni ile ile. Lazima hewa izidi. Boksi unaloliona kama kikwazo lilikuwa sehemu ya kipimo cha mafuta, na hiki kitu mimi naona kinastahili kusemwa kila mahali filta za koni zinapouzwa maana watu wanaunguza pistoni kwa kutokukijua.

Eksozi nayo ina mambo yake. Kila valvu ya kutolea moshi ikifunguka mshindo wa presha unakimbia kwenye bomba, ukifika kwenye mwisho wa wazi unarudi kama wimbi la kunyonya, likifika kwenye valvu kwa wakati linasaidia kutoa moshi na kuvuta hewa mpya, likikosea wakati linarudisha nyuma. Hewa iliyorudishwa inapita juu ya jeti mara ya pili na kubeba mafuta tena. Ndo maana unaweza kukuta pikipiki moja ina mafuta mengi kwenye mzunguko fulani na hewa nyingi kwenye mzunguko mwingine, wala kabureta haijaharibika, urefu wa bomba ndo umebadilika.

Tukija kwenye kutyuni, kitu kinachowachanganya wengi ni kudhani kila sehemu ya kabureta inafuata mzunguko wa injini. Hapana, inafuata umefungua resi kiasi gani. Kuanzia imefungwa mpaka robo hivi inatawala jeti ndogo (ile ya resi ya chini) na skrubu yake, kwenye kuanza kufungua slaidi (kizibo kinachopanda ndani ya kabureta) mkato wa chini wa slaidi unaingia kazini, robo mpaka robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi, robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa (ile kuu). Zinaingiliana kidogo mipakani. Kwa hiyo bandika teipu kwenye mshikio wa resi uweke alama ya robo, nusu, robo tatu, na ukisikia pikipiki inasumbua angalia alama iko wapi kabla hujasema ni jeti gani. Mtu anasema "ikifika spidi 60 inakata", hiyo haisaidii kitu, niambie resi ilikuwa wapi.

Kabla hujanunua jeti hata moja hakikisha pikipiki yenyewe ni nzima. Valvu ziko kwenye kipimo, plagi nzima, kimo cha floti ni sahihi, na hakuna hewa inayoingia kwa wizi kwenye mpira kati ya kabureta na injini. Huo mpira ukipasuka kidogo tu utabadilisha jeti mpaka uchoke. Kuupima, injini ikiwa inanguruma bila resi na bado ni ya baridi, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka mpira, mlio ukibadilika ujue panavuja (hiyo dawa inawaka kwa hiyo kaa mbali na eksozi yenye moto). Alafu kagua gasketi ya eksozi pale inapoungana na silinda. Eksozi ikifungwa vibaya inavuta hewa ya nje na inapiga baruti ukiachia resi, we unahangaika na skrubu kumbe ni boliti mbili hazijakazwa.

Mimi nashauri uanze na jeti kubwa, na sababu ipo. Kwenye kabureta nyingi mafuta yanayopita kwenye sindano yamepita kwanza kwenye jeti kubwa, ukiibadilisha mwishoni unaweza kuvuruga kazi yote ya katikati uliyokwisha kuifanya. Anza na saizi kubwa kuliko unayodhani inahitajika alafu shuka, maana mafuta yakizidi kwa muda mfupi unachafua plagi tu, hewa ikizidi resi ikiwa wazi unatoboa pistoni. Tafuta sehemu ndefu, tupu na salama, injini iwe imepata moto, fungua resi mpaka mwisho kwenye gia ya juu, ikishatulia rudisha kidogo tu. Ikisogea mbele kana kwamba imepata nguvu, saizi uliyofunga ni ndogo mno. Ikisita na kugugumia, saizi ni kubwa mno. Ikipungua kidogo kwa ulaini basi uko karibu sana.

Namba za jeti nazo zina mtego. Jeti za Keihin kwa kawaida zinahesabiwa kwa upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni tundu la milimita 1.00. Zile za Mikuni za kichwa cha pembe sita zinahesabiwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita, sio upana, kwa hiyo 120 ya huku sio 120 ya kule na ukizichanganya unajipoteza mwenyewe. Alafu angalia hesabu hii, ukitoka 100 kwenda 110 kwa namba za upana unaona kama umeongeza asilimia 10, lakini eneo la tundu linakua kwa mraba wa upana, kwa hiyo umeongeza asilimia 21. Ndo sababu ya kupanda hatua moja moja.

Plagi inasema mengi ukiisoma vizuri. Ukishapiga resi ya mwisho kwa muda, kamata klachi na zima injini hapo hapo bila kuiacha ingurume, alafu ichomoe ukishasimama salama. Ukiiacha ingurume hata kidogo unasoma rangi ya jeti ndogo. Kwa petroli ya siku hizi isiyo na risasi ile rangi ya kahawia nzuri ya zamani haiji kirahisi, kwa hiyo usiangalie ncha peke yake, angalia ndani kabisa pale kauri nyeupe inapozama kwenye chuma, kunatakiwa kuwe na pete nyembamba ya moshi. Kama hamna pete na kauri ni nyeupe kama chaki, au kuna vidoa vidogo vinavyong'aa, acha kupiga resi na ongeza jeti.

Sindano ndo sehemu unayoishi nayo muda mwingi, maana mwendo wa kawaida ni robo mpaka nusu. Ukifungua kifuniko cha juu unaikuta ina mikato, mara nyingi mitano, na klipu ndogo imekaa kwenye mmoja wao. Watu wanakosea hapa kila siku: ukishusha klipu kwenda mkato wa chini, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Ukipandisha klipu, mafuta yanapungua. Kama sindano ya kiwandani haina mikato, watu wanaweka washa nyembamba chini ya kichwa chake kuinyanyua, na inafanya kazi vizuri tu. Baada ya kutoa boksi, pikipiki inayojikokota ukiwa na resi nusu kwa kawaida inataka sindano ipande mkato mmoja (yaani klipu ishuke mmoja), mara chache miwili.

Ile skrubu ya jeti ndogo uiguse mwisho na kwanza ujue iko upande gani. Ikiwa upande wa filta inadhibiti hewa, ukiikaza mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini inadhibiti mafuta, ukiilegeza ndo mafuta yanazidi. Kinyume kabisa. Ikaze taratibu mpaka iguse bila nguvu, ilegeze mzunguko mmoja na nusu, injini ikiwa ya moto sogeza robo robo utafute pale mlio unapopanda juu na kutulia. Kama ni ya mafuta na inataka zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ndogo ni ndogo mno, ikitaka chini ya mmoja ni kubwa mno. Baruti ya kuachia resi mara nyingi inaisha hapa, kama eksozi haivuji. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kuvuta choki kidogo pikipiki ikisumbua, ikipata nafuu ujue inalilia mafuta.

Wenye injini za viharusi viwili wawe makini mara mbili. Kwa zile zinazochanganywa oili kwenye tanki, oili inasafiri na petroli, kwa hiyo mafuta yakipungua ulainishaji nao umepungua wakati huo huo joto linapanda, na pistoni inakwama bila kukupa muda.

Alafu kuna kabureta za mpira, zile ambazo slaidi haivutwi na waya bali inanyanyuliwa na mnyonyo kupitia mpira mwembamba juu. Hizi hazipendi filta za koni hata kidogo, maana zinahitaji hewa iliyotulia mdomoni ili slaidi inyanyuke inavyotakiwa. Tena pale mdomoni kuna vitundu vidogo vya hewa vinavyolisha jeti na chumba cha chini ya mpira, na filta nyingi za koni zina ukingo wa ndani wa mpira unaoviziba. Mtu anabadilisha jeti zote, hali ni ile ile, kumbe ukingo wa filta umekaa juu ya tundu. Kabla hujaifunga iweke mbele ya kabureta uangalie vile vitundu vinaonekana vyote.

Kwa kabureta za namna hiyo, kama pikipiki ni ya safari na sio ya mashindano, mimi ningerudisha boksi, nikaweka ndani yake filta inayopitisha hewa vizuri zaidi, eksozi ile ile mpya, jeti kubwa nikaipandisha hatua moja au mbili na sindano juu kidogo. Unapata sehemu kubwa ya nguvu uliyokuwa unaitafuta na pikipiki haikati pumzi kwenye mvua wala kwenye upepo wa ubavuni. Ukihamia sehemu ya mwinuko mkubwa hewa ni nyepesi, shuka jeti. Kwenye baridi kali hewa ni nzito, pandisha. Na andika kila saizi uliyofunga na mkato wa klipu kwenye karatasi ukaiweka chini ya siti.