Kusasisha si kuhamia toleo jipya

"Nimesasisha programu ya picha, brashi zangu zote zimepotea." Sentensi hii nimeshaisikia mara nyingi mno, na juzi nikaisikia tena kwa mpiga picha wa harusi na mahafali, mtu anayeijua kazi yake vizuri. Nilipomuuliza alitoka toleo nambari ipi kwenda ipi, nikagundua hakusasisha kitu. Alihama nyumba, mizigo akaiacha alikotoka.

Maana zenyewe ni fupi. Kusasisha ni kuirekebisha programu ileile uliyonayo: kuziba matundu ya usalama, kuondoa hitilafu, pengine kuongeza kitufe kimoja au viwili. Kuhamia toleo jipya ni kupokea programu nyingine yenye jina lilelile, ambayo mara nyingi inaweza kukaa kwenye kompyuta moja na ile ya zamani.

Tatizo, naona, liko kwenye neno. "Sasisha" limetoka kwenye "sasa", likapewa mkia wa kusababisha, kama fupi ilivyozaa fupisha na sahihi ikazaa sahihisha. Unakichukua kitu na kukifanya kiwe cha sasa. Kitu chenyewe ni kimoja, hakuna kingine kilichoingia. Ukifupisha suruali huna suruali mbili.

"Toleo" lina ukoo mwingine kabisa. Ni tunda la kutoa, na waliolizoea kwanza ni watu wa vitabu na magazeti. Toleo la leo la gazeti halilifuti la jana. La jana lipo nyumbani, labda limefungia maandazi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, na toleo la pili likatoka 2004. Aliyekuwa na ile ya 1981 hakuamka asubuhi akakuta rafu tupu. Ila alama zake za penseli pembezoni mwa kurasa hazikujihamisha zenyewe kwenda kwenye kitabu kipya. Alama hizo za penseli ndizo mipangilio yako: brashi, preseti (marekebisho uliyoyahifadhi ili kuyatumia tena), njia za mkato za kibodi, mahali ulipozoea kuliweka kila dirisha.

(Wapo wanaoita kuhama huku "kuboresha". Hilo nalo silipendi. Bora ni hukumu, na hukumu hutolewa baada ya kuonja. Nimeshaona matoleo mapya yaliyoifanya kompyuta ya kawaida ihangaike kama daladala ya mlimani.)

Utatofautishaje basi? Tazama nambari, si jina. Photoshop ikitoka 25.1 kwenda 25.2, umesasisha: ya pili imekaa palepale pa ya kwanza. Ikitoka 25 kwenda 26, yaani ile ya 2024 kwenda ya 2025, umehama. Hapo Creative Cloud, programu ya Adobe inayosakinisha Photoshop, ina chaguo mbili zilizojificha kwenye mipangilio ya ziada ya usakinishaji. Moja inahusu kuchukua mipangilio ya zamani, nyingine kuondoa matoleo ya zamani, na kwa kawaida zote mbili huwa zimeshawekewa tiki. Anayeamini kwamba anasasisha tu hana sababu ya kufungua sehemu hiyo, na ndivyo toleo la zamani linavyoondoka bila kuagwa. Plagini nazo, yaani viongezo unavyopachika kwenye programu, hazifuati kila mara. Nyingi hudai kusakinishwa upya upande wa pili.

GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, imelipanga jambo hili kwa uwazi zaidi. Kila mfululizo una folda yake ya mipangilio yenye nambari: moja ya 2.10, nyingine ya 3.0. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, huchukua nakala ya mipangilio ya zamani linapofunguliwa mara ya kwanza, na folda ya 2.10 inabaki ilivyokuwa. Lakini plagini zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi kwenye 3.0 mpaka aliyeziandika azirekebishe, kwa sababu lugha ambayo programu huzungumza nazo imebadilika. Mwenye plagini moja anayoitegemea kila siku ana sababu nzuri ya kubaki na zote mbili, wala asionekane mshamba.

Kwa Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha, ugumu umekaa kwenye katalogi, yaani faili inayotunza kumbukumbu za picha zako na uhariri uliozifanyia. Toleo jipya kubwa likihitaji katalogi ya muundo mpya, hutengeneza faili nyingine kutokana na ile yako, na ile ya awali huachwa. Vizuri. Lakini toleo la zamani haliwezi kuifungua hiyo mpya. Ukihariri harusi nzima kwenye toleo jipya, kisha ukarudi kwenye la zamani, utaikuta katalogi kama ulivyoiacha siku ile ya kuhama, na harusi haimo. Picha zenyewe zipo kwenye diski. Kazi uliyozifanyia ndiyo iko upande wa pili. Kwa hiyo kuwa na toleo la zamani hakumaanishi kwamba una njia ya kurudi na mzigo.

Yule mpiga picha, kwa bahati, tiki ya kuondoa matoleo ya zamani aliitoa bila kujua ni ya nini. Akaitoa na ile nyingine. Programu ya zamani tuliikuta ipo na brashi zake zote. Tukazihifadhi kama faili, tukazipakia kwenye mpya, ikawa robo saa. Akashukuru, kisha akasema siku nyingine hatasasisha tena.

Sasisha, ndugu yangu, sasisha kila wanapokuletea. Ila nambari iliyo kabla ya nukta ikibadilika, liite jambo hilo kuhama, na usome tiki kabla hujabonyeza.