Homa ya safari kwa ng'ombe wa kunenepesha ni nini?

Homa ya safari ni nimonia inayowashika ng'ombe baada ya kushuka kwenye lori, mara nyingi ndani ya wiki 3 za kwanza. Jina lenyewe hupotosha kidogo. Mtu akisikia "safari" hudhani mnyama aliambukizwa njiani, na lawama zote humwangukia dereva. Kumbe bakteria anayetajwa zaidi, Mannheimia haemolytica, huishi puani na kooni mwa ng'ombe mzima asiyeumwa chochote. Dume alitoka naye nyumbani.

Kinachobadilika ni hali ya dume mwenyewe. Tuseme amenunuliwa Marigat, kwenye joto la nyanda za chini za Baringo, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, akapelekwa Njoro, kunakopita mita 2,000 na baridi ya usiku inauma. Ametenganishwa na wenzake, ameshinda sokoni bila maji, amesimama kwenye lori akivuta vumbi. Mwili uliosumbuka hivyo humwaga homoni ya kotisoli, na kotisoli ikizidi kinga hulegea. Virusi vya njia ya hewa hupata nafasi, hujeruhi koo, na yule bakteria wa puani huteremka mapafuni.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Lori likishafika tu, dume anatiwa hereni, anahasiwa, anakatwa pembe na kumwagiwa mahindi ya kusaga, yote asubuhi moja, eti kwa sababu daktari keshakuja na nauli yake imelipwa. Visu vingoje. Mpe kwanza maji safi, nyasi kavu na mahali pakavu pa kulala. Nafaka iongezwe kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3, kwani vijidudu vya tumboni vilivyozoea nyasi haviwezi wanga mwingi wa ghafla. Tumbo hujaa asidi.

Tena dume wa malishoni anajua mto na silanga, hajui hori la saruji. Acha mfereji udondoke, asikie maji yalipo. Nyasi nazo ziweke kando ya ua, maana mgeni huzunguka ua akitafuta pa kutokea.

Anayeanza kuugua hubaki nyuma wenzake wakienda kula. Masikio yamelala, kamasi zinatoka, mbavu zinapanda na kushuka upesi. Joto la kawaida la ng'ombe ni karibu nyuzi 38.5, likifika 40, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usijinunulie sindano dukani, kwa sababu ndigana kali nayo huleta homa na kuhema, na dume aliyekulia pasipo na kupe wa ugonjwa huo huumia vibaya akifika walipo. Mpapase chini ya masikio. Ukikuta tezi zimevimba, mwambie daktari kabla hajafungua mkoba.