Mamba hali watoto wake, na kasa si mama mzembe

Chukua yai la kuku wa kienyeji siku ya 20 ya kuatamiwa, uliweke sikioni taratibu. Utasikia mlio mdogo na ganda likigongwa kwa ndani. Kifaranga anaongea na mama yake kabla hajauona mwanga, na mama humjibu. Bibi yangu ndiye aliyenionyesha jambo hili, na tangu hapo sikai kimya nikisikia wanyama wakigawanywa kuwa wazazi wema na wazazi wabaya.

Dhana: Mamba hula watoto wake.

Aliyeianzisha pengine aliona kweli: jike anafukua kiota kando ya mto, watoto wanaingia kinywani, hawaonekani tena. Asichokiona ni kwamba wamebebwa. Mamba wa mto Nile hufukia mayai mchangani, mara nyingi kati ya 25 na 80, kisha hukaa jirani nayo karibu miezi 3, akila kwa nadra sana. Siku ikifika, watoto huanza kulia wakiwa bado ndani ya mayai, kama wale vifaranga wa bibi, naye huanza kufukua. Yai likigoma kupasuka, hulitia kinywani akalibana polepole kati ya ulimi na kaakaa mpaka mtoto atoke. Taya hizo hizo huvunja mfupa wa pundamilia! Baada ya hapo huwapeleka majini na kuwalinda kwa wiki kadhaa.

Tunasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kwa nasaba, hata hivyo, mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na kenge. Babu yao mmoja, mamba na ndege, aliishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, na ukoo wa kenge ulikuwa umeshajitenga zamani. Huenda basi desturi ya kulinda kiota ni urithi mkongwe wa ukoo huo mzima.

Dhana: Kasa huwatelekeza wanawe.

Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai 100 hivi, huyafukia, hurudi baharini. Watoto wake hatawaona. Lakini hebu mfikirie huyo kasa juu ya mchanga: mzito, hawezi kukimbia, hana chakula. Akikaa kulinda kwa miezi 2, atakufa yeye na mayai yataliwa vile vile. Anachofanya ni kutaga tena baada ya wiki 2 hivi, mara kadhaa katika msimu mmoja, ili shimo moja likichimbuliwa, jingine lisalimike. Malezi yake ameyamaliza kabla ya kuondoka: kina cha shimo, umbali kutoka kwenye maji, na kiini cha njano kitakachomlisha mtoto siku zake za mwanzo.

Nguvu za mnyama zina kikomo. Atazigawa kwenye mayai mengi asiyoyalinda au machache anayoyahangaikia, na njia inayobakiza watoto wengi hai ndiyo inayorithiwa. Ziwa Victoria lina zote mbili. Sangara jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni na kuyaacha yaelee. Sato hutaga mamia tu, huyaokota na kuyatunza kinywani mpaka yaanguliwe, na muda wote huo karibu hali kitu. Hata baada ya kuanguliwa, vifaranga wakishtuka hukimbilia kinywani mwa mama.

Dhana: Kutaga ni hatua ya chini, kuzaa ndiyo maendeleo.

Hakuna ngazi ya namna hiyo. Kwa mijusi na nyoka peke yao, kuzaa kumejitokeza zaidi ya mara 100, kila mara upya. Ndege hawajaacha kutaga hata aina moja. Mbung'o, mdudu tu, hulea buu mmoja tumboni kwa maji ya lishe mfano wa maziwa, akamzaa baada ya siku 9 au 10. Na chura wa Kihansi, yule mdogo wa milima ya Udzungwa, hazai viluwiluwi; huzaa vyura kamili.

Dhana: Ukimgusa kinda, mama yake atamkataa.

Ndege aliyekwisha kuatamia na kulisha kwa wiki nzima hatupi kazi hiyo kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Kinachomkimbiza ni usumbufu wa mara kwa mara, hasa siku za mwanzo za mayai, wakati bado hajapoteza mengi na anaweza kwenda kutaga kwingine. Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudishe kiotani, kisha ondoka upesi mama apate kushuka.